Jinsi ya kumshawishi bosi wa meinfremu akuruhusu ufanyie kazi nyumbani

Kama una kazi ya meinfremu, zile kompyuta kubwa za mabenki na serikali, hapa Marekani, au ndo unaitafuta, anza na hili: mashine yenyewe huigusi. Hata ukiwa ofisini huigusi. Mi nimefanya kazi mahali ambapo mashine ilikuwa jimbo lingine kabisa, nikawa naendesha gari dakika 50 kila asubuhi, nakaa mezani, nafungua skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani, naingia TSO, yani sehemu ya kuiandikia mashine amri, jioni narudi, na kitu pekee nilichogusa siku nzima ni kibodi. Tangu terminali za 3270, yani skrini na kibodi za IBM za kuongea na meinfremu kwa mbali, zitoke mwaka 1971 kazi hii ni ya mtu na skrini, mashine iko kwingine.

Kwa hiyo bosi akikataa usibishane naye kuhusu mashine, tatizo lake haliko huko.

Na usidhani kwamba kwa vile tuko wachache basi atakubali tu. Mwaka 2020 wakati wa korona gavana wa New Jersey, Phil Murphy, alitoka hadharani akaomba wanaojua COBOL, lugha ya zamani ya kuandikia programu za meinfremu, wajitolee, manake mfumo wa kuwalipa waliopoteza ajira ulikuwa umeelemewa, na wengi wetu tukaamini sasa tumeshika mpini. Wapi. Januari 2024 IBM, wanaozitengeneza hizi mashine, waliwaambia mameneja wao wa Marekani waende ofisini au kwa mteja walau siku tatu kwa wiki, asiyetaka aondoke.

Sasa bosi anaogopa nini? Cha kwanza ni mkaguzi. Wewe kama una mamlaka makubwa kwenye RACF, programu inayoamua nani aingie kwenye mashine na aone nini, unaweza kufungua akaunti ya mtumiaji yeyote, na bosi ndo atakayeulizwa umekaa wapi na nani alikuwa nyuma yako. Mwandikie ukurasa mmoja kabla hajauliza: chumba kina mlango, laptopu ni ya kampuni tu, uthibitisho wa hatua mbili umewashwa, hakuna kuprinti nyumbani. Ukurasa huo ataupeleka kwa watu wa usalama bila kuongeza neno, na hapo umempunguzia kazi.

Cha pili ni wazee wanaostaafu. Hii hofu naiheshimu kabisa. Kuna mambo yako kichwani kwa mzee mmoja tu, kwa nini jobu fulani (kazi inayopewa mashine iifanye yenyewe, kama kukokotoa mishahara) lazima itangulie nyingine siku ya mwisho wa mwezi, haijaandikwa popote, na bosi anataka kijana akae pembeni yake aone. Kama we ndo kijana, miezi ya kwanza nenda ofisini, tena nenda siku anazokuja mzee. Andika kila anachokuonyesha, mpe asome asahihishe, weka mahali timu nzima inaona. Ukija kuomba nyumbani baadaye hutaonekana mtu anayekwepa kujifunza.

Cha tatu, hakuoni. Na hapa ndo silaha yako kubwa ilipo, zile simu za usiku unazopigiwa jobu ikifeli.

Usiku mmoja saa nane na dakika kumi simu ikalia, jobu ya mishahara imekufa na kosa la SB37, yani nafasi ya kuandikia dataseti (faili la meinfremu) imeisha. Nikafungua laptopu juu ya meza ya jikoni watoto wamelala, nikasoma SDSF, skrini inayoonyesha jobu zimefikia wapi, nikaongeza spesi kwenye JCL, yani maagizo ya kuendesha jobu, nikairudisha kuanzia stepu iliyofeli, saa tisa kasoro robo inatembea. Asubuhi meneja akanishukuru, mchana huo huo ikaja barua pepe kwamba siku za nyumbani zimefutwa kwa wote. Iliniuma sana. Yani saa nane usiku naaminika na mishahara ya watu wote nikiwa jikoni, saa nne asubuhi siaminiki?

Sikugomba. Nilianza kuandika: tarehe, saa niliyopigiwa, kilichofeli, saa kilipopona. Baada ya miezi minne nilikuwa na mistari 11, yote nimetatua nikiwa nyumbani. Nikampelekea pamoja na ombi dogo, siku tatu kwa wiki nyumbani kwa majaribio ya miezi mitatu, akiona tiketi, yani kazi ninazopangiwa, zinachelewa anifutie. Akakubali. We anza kuandika wiki hii hii.

Kwenye intavyu usiulize tu kama wanaruhusu rimoti, kila mtu atakujibu vizuri. Uliza mashine iko wapi, halafu uliza nani kwenye timu anaishi jimbo lingine. Wakikwambia sisprogu wao mkongwe, yani fundi anayetunza mfumo wenyewe wa meinfremu, alihamia Florida na bado anapokea simu, hao wameshazoea. Wakianza kukuzungusha, wako bado. Na siku wanazokuahidi ziwe kwenye barua ya ajira, manake meneja akihama ahadi ya mdomo inahama naye.

Halafu jamani, nyumbani maana yake ni nyumba waliyoiandikisha. Usibebe laptopu ya kazi likizo ukaingia kutoka Moshi au Mombasa bila ruhusa ya maandishi. Data za kodi za serikali kuu haziruhusiwi kabisa kufunguliwa nje ya Marekani, na sehemu nyingi mfumo unaona umeingia kutoka nchi gani. Omba mapema, wakikataa laptopu ibaki.