Vifaa vya Kuanzia kwa Mpiga Picha za Harusi Jijini Nairobi

Anayeanza kupiga picha za harusi Nairobi huuliza kwanza ni kamera ipi iliyo bora. Swali linalostahili kutangulia ni jingine: kamera ikizimika wakati pete zinavishwa, atashika nini? Ibada hairudiwi kwa ajili ya mpiga picha, na wazee waliosafiri kutoka Murang'a au Machakos hawatakusanyika tena Jumamosi ijayo. Kwa hiyo ninamshauri mwanzilishi anunue viwiliviwili vya kila kifaa ambacho kikikosekana kazi inasimama, hata ikiwa ni vya daraja la kati au vimekwisha kutumika, kabla ya kutamani kimoja cha bei kubwa.

Tuanze na kamera zenyewe. Nunua mbili za kampuni moja, zinazotumia lenzi, betri na chaja za aina moja, ili moja ikiharibika nyingine iendelee bila kubadilisha chochote. Hakikisha kila moja ina nafasi mbili za kadi za kuhifadhia picha, kwa kuwa kamera hiyo inaweza kupangwa iandike kila picha mara mbili papo hapo, na kadi moja ikiharibika harusi haipotei. Sifa hii haitegemei bei wala upya wa kamera. Canon 5D Mark III ya mwaka 2012, Nikon D750 ya mwaka 2014 na Sony A7 III ya mwaka 2018 zote zina nafasi mbili, ilhali Canon EOS RP, iliyotoka baadaye mwaka 2019, ina moja tu. Mimi ningechukua D750 mbili zilizotumika na kutunzwa vizuri kuliko kamera moja mpya yenye nafasi moja, na ningefanya hivyo bila kusita.

Hata hivyo, kama fedha zinatosha, kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) zina faida kubwa kwa harusi zetu. Kipima mwanga cha kamera hukadiria kila kitu kana kwamba kina rangi ya kijivu ya wastani, hivyo gauni jeupe la bibi harusi likijaa kwenye fremu, kamera hupunguza mwanga na nyuso za watu weusi huzama gizani. Katika kamera hizi, kitazamio, yaani tundu unalochungulia, huonyesha picha itakavyotoka kabla hujabonyeza, nawe unaweza kuongeza mwanga mapema badala ya kuokoa ngozi za watu kwenye kompyuta baadaye. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa maana familia huzitazama nyuso kabla ya kitu kingine chochote.

Unaponunua kamera iliyotumika, omba kujua idadi ya picha ambazo shata yake, yaani pazia la ndani linalofunguka na kufungika kwa kila picha, imekwisha kupiga. Shata za 5D Mark III na D750 zimekadiriwa na watengenezaji kudumu kwa takriban picha 150,000. Anayepiga picha 2,000 kwa harusi moja hufikisha 60,000 katika harusi 30, hivyo kamera iliyokwisha kupiga 120,000 haina bei nafuu hata muuzaji akisema nini. Linganisha nambari ya kamera na ile iliyo kwenye risiti au boksi, kwa sababu mali ya wizi huweza kukufikisha kituo cha polisi na kukupotezea fedha na kamera pia. Lenzi nayo imulike kwa tochi kutoka nyuma na uitazame ndani. Ikiwa imekaa Mombasa, Malindi au Lamu, ambako hewa ina unyevu mwingi, tafuta nyuzinyuzi za kuvu kwenye vioo, na ukiziona usiinunue.

Sasa tuje kwenye lenzi, ambako ningependa sehemu kubwa ya bajeti iende. Kamera nyingi za wanaoanza huuzwa pamoja na lenzi ya milimita 18 hadi 55, ambayo tundu lake ikivutwa mpaka mwisho hufunguka kufikia f/5.6 pekee (namba ya f ikiwa ndogo, tundu huwa kubwa; milimita zikiwa chache, lenzi huona eneo pana zaidi). Lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, ambayo katika kampuni nyingi ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa, huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Ndani ya kanisa lenye madirisha madogo, ambako padre au mchungaji amekataza flashi wakati wa ibada, tofauti hiyo ndiyo huamua kama utapata picha safi au ukungu wa chembechembe.

Milimita 50 pekee haitoshi. Asubuhi utakuwa mtaa wa Donholm au Umoja, katika chumba cha kulala ambamo bibi harusi anavalishwa huku shangazi, wasimamizi wa kike na mpambaji wakijazana kitandani na mlangoni. Hapo unahitaji milimita 35, na hata 24 kama kamera yako ina sensa (kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ndogo, kwa kuwa sensa hiyo huifanya lenzi ya milimita 50 ione kama ya 75 au 80. Kanisani, ambako huenda usiruhusiwe kuikaribia madhabahu, milimita 85 ya f/1.8 itakufikisha karibu kiasi. Lenzi hizi tatu zisizovuta zinatosha kuanzia. Ile ya milimita 70 hadi 200 ya f/2.8 ni nzuri mno, lakini ni ghali na nzito, na inaweza kukodishwa kwa siku moja mteja anapoihitaji kweli.

Flashi nazo ziwe mbili. Mchana wa Nairobi jua hukaa karibu na utosi na kuchimba vivuli vyeusi machoni, kwa hiyo chagua flashi inayoweza kufanya kazi hata kwa kasi kubwa ya shata, kwani kamera nyingi bila uwezo huo huishia karibu 1/200 ya sekunde. Jioni, jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika tano mwaka mzima, na giza huingia upesi. Ratiba za sherehe zetu huchelewa, na mara nyingi picha za maharusi zilizopangwa saa kumi hupigwa saa kumi na mbili, bila mwanga wa kutegemea isipokuwa ulioubeba mwenyewe. Chini ya hema jeupe, elekeza flashi juu ili mwanga urudi ukiwa laini. Lakini hema likiwa limepambwa kwa vitambaa vya zambarau, ngozi zitageuka zambarau, na hapo flashi ya pili juu ya stendi, inayowashwa kwa mawimbi ya redio, ndiyo itakayokusaidia.

Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, na taa nyingi za kumbini humetameta mara 100 kwa sekunde bila macho kutambua. Shata ya kielektroniki isiyotoa sauti, ambayo wengi huipenda kanisani, inaweza kuacha mistari ya giza kwenye picha chini ya taa hizo. Tafuta kamera yenye mpangilio wa kuzuia mmetameto, au utumie shata ya kawaida kwa kasi ya 1/100 ya sekunde.

Kadi zinunuliwe kwa muuzaji anayetoa risiti na kukubali kurudishiwa, kwa sababu za bandia ni nyingi. Ijaze kadi nzima kwa majaribio na uzifungue faili zote kabla ya kuipeleka kazini. Nunua pia diski mbili za nje, na usifute kadi mpaka picha ziwe katika zote mbili. Betri za akiba, betri za AA za kuchajiwa, na kifuniko cha mvua kwa harusi za Aprili visisahaulike. Droni iache kwa sasa, kwani tangu mwaka 2020 ina kanuni zake chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na mteja akiitaka, mwite mwenye kibali.

Kabla ya kununua lenzi ya nne, fanya kazi kama msaidizi wa mpiga picha mzoefu katika sherehe kadhaa, ukitumia vifaa vyako na vichache vya kukodisha. Kisha fungua picha zako katika programu ya kuhariri na uzichuje kwa milimita za lenzi. Ukikuta kwamba picha nyingi ulizowakabidhi wenye harusi zimetoka kwenye milimita 35, unajua lenzi ya kuiboresha kwanza, na pia ile unayoweza kuiuza ili kulipia flashi bora.