Linda pia kumbukumbu za nakala rudufu

Ni rahisi ofisi kutunza nakala rudufu za hifadhidata kwa uangalifu mkubwa na ikasahau kumbukumbu zinazoeleza ni nakala ipi ilichukuliwa lini na imewekwa wapi. Katika Oracle, programu ya kuendesha hifadhidata, kumbukumbu hizo hukaa ndani ya faili la udhibiti la hifadhidata yenyewe, na kwa mpangilio wa awali mfumo unaweza kuziandika upya baada ya siku 7 tu. Kwa hiyo anayetunza nakala za siku 30 aongeze thamani ya CONTROL_FILE_RECORD_KEEP_TIME, kigezo kinachoweka idadi hiyo ya siku, ipite muda huo. Washa pia uhifadhi wa kiotomatiki wa faili hilo, na uandike namba ya utambulisho wa hifadhidata, yaani DBID, kwenye karatasi inayofungiwa mbali na chumba cha seva.

Katalogi ya urejeshaji, yaani hifadhidata ya pembeni inayotunza kumbukumbu hizohizo, naipendekeza kwa dhati, lakini isikae kwenye seva ileile ya hifadhidata inayoihudumia. Unguja ilikosa umeme wa kutoka Bara kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, na tangu 2010 Pemba hupokea wake kwa waya mwingine wa chini ya bahari unaotoka Tanga; ofisi ya Mjini Unguja yenye tawi Chake Chake, Pemba, basi, ina mahali pazuri pa kuiweka katalogi hiyo, kwa kuwa visiwa hivyo viwili havitegemei waya mmoja. Katalogi nayo ichukuliwe nakala rudufu. Kisha jaribu kurejesha kila kitu kwenye mashine tupu, ukitumia karatasi ile na nakala zilizo nje ya jengo pekee.