Namna ya kutengeneza seli nyekundu ya damu kwa unga wa chapati

Mpwa wangu yuko kidato cha pili hapa Moshi, juzi kaja na daftari la bayolojia analalamika hakariri hii seli nyekundu ya damu, nikamwambia dogo achana na kukariri, lete unga.

Unga wa ngano, chumvi ya kutosha ili usichache, na bitiruti moja. Sisi ya kwetu tulinunua sokoni Mbuyuni, unaikwangua, unaikamua, maji yake ndo unakandia. Kanda uwe mgumu kama wa chapati halafu kata madonge mawili sawasawa, upana wa sm 5.5 hivi kila moja, yani madogo kidogo kuliko mpira wa tenisi.

La kwanza liache duara. La pili ligandamize mpaka liwe kisahani cha upana wa sm 8, kisha bonyeza katikati kwa vidole, juu na chini kwa pamoja, mpaka pabaki unene wa sm 1 na ukingoni sm 2. Hapa ndo wengi wanaharibu, dogo alibonyeza mpaka akatoboa tukapata donati, na seli haina tundu jamani, ina bonde tu pande zote mbili. Hivyo vipimo sio vya kubahatisha, seli yenyewe ina upana wa mikromita 7 hadi 8 (mikromita elfu moja ndo milimita moja), kwa hiyo sentimita yako moja ni mikromita moja, umeikuza mara 10,000.

Sasa chukua kijiti cha meno. Choma lile donge la duara mpaka katikati, kinazama karibu sm 3. Choma kisahani, popote pale haizidi sm 1 ushafika katikati ya unene wake. Kazi ya seli hii ni kubeba oksijeni, na hapo unga ni ule ule ila oksijeni kwenye kisahani haina safari ndefu, na ngozi ya nje ya kupitia ni kubwa zaidi. Dogo alinyamaza kidogo akasema aaah.

Akataka kuweka haragwe katikati iwe kiini, nikamkatalia. Seli ikiwa changa kwenye uboho wa mifupa inakuwa nacho, ila inakitema ili nafasi ijae himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, molekuli kama milioni 270, na kila moja inabeba molekuli 4 za oksijeni. Hata mitokondria, vile vimitambo vya nishati vya seli, haina, maana hizo zingeitumia oksijeni yenyewe njiani, ni kama mgumu wa mlimani, yani mpagazi, anayepandisha chakula cha wageni asionje hata biskuti. Ila bila kiini haiwezi kujikarabati, ikifika siku 120 hivi imechoka, bandama na ini vinaimalizia.

Mwisho kunja karatasi ya manila iwe bomba la upana wa sm 5, hiyo ndo kapilari, mshipa mwembamba kabisa wa damu. Sukuma kisahani kikiwa kibichi, kinajikunja kama chapati ya kuchovya kwenye chai na kinapita. Unga utaunyoosha kwa mkono, seli yenyewe inajirudi.

Halafu finyanga vipande vitatu vya unga vyenye umbo la mundu, anika dirishani siku mbili vikauke kabisa, visukume pamoja kwenye bomba lile lile. Huo ndo ugonjwa wa selimundu (sickle cell), himoglobini zinashikana zikishaachia oksijeni, seli inakakamaa, na damu ikizibwa hivyo ndo mtu analia na maumivu ya mifupa. Vya dogo vilikwama hata nusu havijafika, ikabidi tuchane manila kuvitoa.