Somo: Kadi ya siku ya kuzaliwa kwa mihuri ya ndala kuukuu

Wenzangu, ndala ikikatika mkanda msiitupe. Kisigino chake ndicho tunachokihitaji leo.

Kadi hii nimeipanga kama kanga: pindo kuzunguka, mji katikati, jina (yaani maneno) chini ya mji. Kanga za mwanzo za pwani zilichapwa kwa mkono, kwa mihuri ya mbao, kwa hiyo mpangilio huu unaendana na kazi yetu. Tena unamwokoa anayeanza. Wengi wetu tukishika muhuri tunagonga popote, kadi inaishia kufanana na ukuta wa chekechea.

Tafuta karatasi ngumu ya A4 (manila inafaa), ufutio mweupe wa wanafunzi, ndala ya sponji iliyooshwa ikakauka, wembe, rula, penseli laini na gundi ya viatu. Yeboyebo za plastiki ngumu achana nazo, wino unateleza juu yake.

Karatasi. Kata A4 katikati upate vipande viwili vya milimita 148 kwa 210. Kila kipande ni kadi moja, kwa hiyo A4 moja inakupa doti. Pima katikati ya ule upande wa 210, pitisha rula, kwaruza mstari kwa kalamu iliyokwisha wino, halafu kunja na usugue kwa mgongo wa kijiko. Ukikunja bila kukwaruza, manila inapasuka na kuacha nyuzi nyeupe kwenye mkunjo. Sasa una kadi ya 105 kwa 148, nayo inaingia bila shida kwenye bahasha ya C6.

Ifungue tena ulale upande wa nje juu. Uso wa kadi ni nusu ya KULIA. Mimi mara ya kwanza niligonga nusu ya kushoto, kadi ikafunguka kama msahafu.

Muhuri wa pindo. Huu unatoka kwenye ufutio. Kata mraba wa milimita 13. Chora korosho kwenye karatasi nyepesi kwa penseli, ukolee vizuri, kisha ilaze kifudifudi juu ya ufutio na usugue kwa ukucha. Mchoro unahamia kwenye ufutio ukiwa umegeuka, na ndivyo tunavyotaka, maana ukigonga utageuka tena na kutoka sawa.

Kuchonga ndiko kunakohitaji subira. Funga nusu ya wembe kwa selotepu usijikate. Ulaze wembe mshazari, ncha ielekee nje ya mchoro, ili kila mstari uwe na kitako kipana kuliko uso wake. Ukichimba kuingia ndani chini ya mstari, utavunjika baada ya kugonga mara tano. Kina cha milimita 2 kinatosha. Na kwenye kona ya mviringo zungusha ufutio, wembe utulie palepale. Hapo ndipo mikono ya fundi na ya mwanagenzi inapotofautiana.

Muhuri wa mji. Kata kipande cha kisigino, chora kwa kalamu ya wino umbo kubwa lisilo na mambo mengi. Mimi napenda embe lenye jani moja. Kata pembeni, chonga mshipa wa jani, basi. Libandike kwenye kipande cha mbao: paka gundi pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi isinate kidoleni, ndipo ugandamize.

Rangi. Pedi ya ofisini inatoa bluu au zambarau, na kadi itanukia barua ya kata. Tengeneza yako: kipande cha godoro kilichofungwa kwa fulana kuukuu, ndani ya kifuniko cha kopo, juu yake rangi ya maji iliyo nzito kama uji. Rangi mbili zinatosha. Ila nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe ni za kisutu, kanga ya harusi. Bibi akiiona ataulizia harusi ni lini.

Kugonga. Acha ukingo wa milimita 7 pande zote. Korosho 7 zinakaa juu, 7 chini, na kila ubavu 10 ukihesabu na zile za kwenye pembe. Jumla mapigo 30. Anza na pembe nne, ndipo ujaze katikati. Ukianza upande mmoja na kwenda mbele tu, mwishoni utabaki na nusu korosho. Bonyeza wima na unyanyue wima.

Jina liandike kwa mkono, herufi kubwa, kama kwenye kanga: HONGERA KWA KUONGEZA MWAKA, au lolote linalomhusu mwenyewe.

Maswali ya wanakikundi

*Rangi yangu inasambaa, korosho zinakuwa madoa.*
Umelowesha mno. Gusisha muhuri kwenye pedi mara mbili tatu kwa wepesi, usiuzamishe. Pigo la kwanza ligonge kwenye gazeti, la pili ndilo la kadi.

*Kiazi je? Nyumbani kwetu tulitumia kiazi.*
Kinafaa kwa siku moja. Kikate, kikaushe kwa kitambaa, kiache dakika chache kitoe maji, halafu chonga. Kesho yake kimesinyaa na pindo halilingani tena.

*Nina watoto wa miaka 5 na 7, na wembe siwapi ng'o.*
Wape bamia. Ikate kwa upana, ichovye kwenye rangi, na ua limeshachongwa tayari. Kizibo cha soda kinawapa duara.

*Naweza kupeleka mchoro kwa fundi mihuri wa mjini?*
Unaweza. Mpelekee mchoro mweusi tii juu ya karatasi nyeupe, usio na kivuli cha penseli, maana kijivu hakitoki kwenye mpira. Kwa pindo la mapigo 30 ningechonga mwenyewe, lakini kwa maandishi madogo fundi anatushinda.

*Dada, nimechonga HERI moja kwa moja kwenye ufutio bila kugeuza. Inatoka IREH, tena E na R zinatazama nyuma. Nitupe?*
Usitupe. Chukua ufutio mwingine mpana, bapa, ambao haujachongwa. Gonga HERI yako juu yake, kisha papo hapo, rangi ikiwa bado mbichi, ugeuze huo ufutio bapa na uugandamize kwenye kadi. Itatoka imenyooka, ila imefifia kidogo. Jaribu kwenye gazeti kwanza.