Kuendesha ZX Spectrum ndani ya Amiga 1200

Wengi wakitaka kuionja ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980, siku hizi hufungua laptopu, wakapakua emuleta (programu inayoigiza mashine nyingine), wakamaliza. Mimi nasema, ukiwa na kompyuta ya Amiga 1200 iliyo hai, iendeshe humo. Mashine zote mbili, za toleo la Uingereza, huchora skrini mara 50 kwa sekunde. Kwenye TV ya chogo, mtu anayekimbia toka kushoto kwenda kulia anateleza bila kukwamakwama. Skrini ya laptopu inayochora mara 60 inalazimika kurudia baadhi ya picha, na ukishaliona hilo huwezi tena kuacha kuliona.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo itakayokuambia utegemee nini. Spectrum ya 1982 ina prosesa ya Z80 inayopiga 3.5 MHz. Amiga 1200, iliyotoka 1992, ina 68EC020 ya 14.18 MHz. Yaani kwa kila pigo la Z80, Amiga ina mapigo manne tu. Amri fupi kabisa ya Z80 hula mapigo manne, kwa hiyo Amiga inapewa 16 ya kuisoma, kuitambua na kuitekeleza. Inabana, ila inawezekana. Kwenye Amiga 500 ya 7.09 MHz yanabaki manane, na hapo usitarajie mwendo kamili. Isitoshe, 68000, prosesa ya Amiga 500, haiwezi kusoma kwa mkupuo namba ya biti 16 inayoanzia kwenye anwani witiri, ilhali programu za Z80 zimejaa namba kama hizo. 68EC020 inazisoma tu.

Kwa hiyo pesa yako ya kwanza iende kwenye Fast RAM, kumbukumbu ambayo prosesa haigombanii na chipu nyingine. Amiga 1200 ilitoka kiwandani na MB 2 za Chip RAM, ambazo prosesa inazigombania na chipu za picha na sauti. Ukichomeka kadi ya RAM kwenye mlango wa chini ya mashine, kasi inakaribia kuwa mara mbili. Chukua ya MB 4. Kadi nyingi za MB 8 huziba PCMCIA, mlango wa kadi ulio ubavuni, nao tutauhitaji kuhamishia mafaili. Na kama mashine imelala miaka mingi, mpe fundi akague kapasita kabla hujaiwasha, kwa sababu zile ndogo zilizobanwa juu ya ubao huvuja, na majimaji yake hula njia za shaba.

Kuhamisha mafaili ni rahisi kwa kadi ya CompactFlash na adapta yake ya PCMCIA. Weka kwenye Amiga programu mbili, cfd na fat95, na kadi iliyojazwa kwenye laptopu itasomeka. Zote zipo Aminet, hazina ya programu za Amiga iliyoanza 1992. Huna kadi? Workbench 3.0, mfumo wa Amiga 1200, inasoma disketi za KB 720 za PC: nenda folda ya Storage, ingia DOSDrivers, bofya PC0 mara mbili.

Emuleta niliyoizoea ni ZXAM, nayo iko Aminet. Utahitaji pia ROM ya Spectrum, yaani programu ya kudumu iliyokuwa ndani ya mashine hiyo, faili la baiti 16,384. Usiogope kulitumia: Amstrad, waliozinunua haki za Spectrum kwa Sinclair, waundaji wake, mwaka 1986, waliruhusu mwaka 1999 lisambazwe pamoja na emuleta. Michezo huja kama mafaili yanayohifadhi hali ya kumbukumbu ya Spectrum; ukiwa na uchaguzi kati ya faili la .sna na la .z80, chukua .z80. Lile la .sna huificha anwani ya amri inayofuata ndani ya kumbukumbu ya mchezo wenyewe, na mara mojamoja linafuta kitu ambacho mchezo ulikihitaji.

Sasa pima mwendo. Ukishaona maandishi ya Sinclair ya 1982 chini ya skrini, tumia BEEP, amri ya kutoa mlio, kwa kuwa ROM hupima urefu wa mlio huo kwa mapigo ya prosesa yenyewe. Bonyeza Caps Shift na Symbol Shift pamoja (ni vibonye vya Spectrum, tumia vile vya Amiga ambavyo emuleta imevipa kazi hiyo), kielekezi kigeuke E. Shikilia Symbol Shift, gusa Z, na neno BEEP litatokea zima. Andika 5,0 (mkato ni Symbol Shift na N), kisha Enter. Shika saa. Mlio ukiisha kwa sekunde tano, uko sawa. Ukichukua kumi, unakwenda nusu mwendo.

BEEP ikienda vizuri halafu mchezo ukawa mzito, tatizo ni rangi. Spectrum huweka rangi za kila kisanduku cha nukta 8 kwa 8 ndani ya baiti moja. Amiga huigawa picha katika matabaka, na rangi 16 zinataka matabaka manne. Kisanduku kina mistari minane, hivyo baiti moja iliyobadilika kule inaweza kudai baiti 32 ziandikwe huku. Mchezo unaobadilisha rangi skrini nzima utaichosha Amiga haraka.

Dawa yake ni kuiambia emuleta ichore picha moja katika kila mbili. Mwendo wa mchezo unarudi, ila ule mtelezo niliousifu unapungua, kwa hiyo zima sauti kwanza uone kama inatosha. Spectrum hupiga kelele kwa kuwasha na kuzima biti moja maelfu ya mara kwa sekunde, na kuifuatilia biti hiyo ni kazi kubwa peke yake.