Jinsi ya kuinua skipu iliyojaa bila lori kuzama wala mtu kuumia

Huu ni mwongozo wa dereva na tanboi wa lori la skipu, yaani kontena la chuma la takataka, lenye mikono miwili ya kuinulia na minyororo minne, lile linalohudumia masoko kama Kibuye pale Kisumu au Wakulima pale Nakuru. Kuvaa buti, glavu na reflekta sitaeleza. Asiyevaa asishuke kwenye kebini.

1. Angalia kilicho ndani

Gonga ubavu wa skipu kwa chuma mara kadhaa, ita kwa sauti, subiri. Kisha weka ngazi fupi, uchungulie, na uinue magunia na makatoni kwa fimbo ndefu. Alfajiri ya baridi vijana wa mtaani hulala humo, na mtu aliyejifunika gunia huonekana gunia tu. Honi peke yake haitoshi, kwa sababu anayelala sokoni ameshaizoea.

Papo hapo kadiria uzito. Skipu ya mita 7 za ujazo ikijaa maganda na mboga zilizolowa huwa na karibu tani 3 na nusu. Ikijaa vifusi vya mawe na saruji yaweza kufika tani 10. Kuna wajenzi wanaomwaga vifusi usiku na kuvifunika kwa majani ya migomba, kwa hivyo sukuma fimbo mpaka chini. Ikigonga mawe, skipu ipunguzwe kwanza. Ikiwa inafuka moshi, imwagie maji mpaka ipoe kabisa. Jivu la moto likipigwa na upepo wa barabarani huwaka upya.

2. Rudisha lori

Mwelekezi awe mmoja, tena aonekane kwenye kioo cha dereva. Asipoonekana, simama. Mama mboga akiomba dakika 5 ahamishe nyanya zake, mpe.

3. Tazama juu

Usiinue chini ya waya wowote wa stima, hata ule mwembamba wa kibanda. Mimi hupima kwa hatua ardhini: mita 9 kutoka laini ya nguzo za mbao, mita 15 kutoka ile ya minara ya chuma. Leva za kuendeshea mikono hiyo zilizo ubavuni mwa lori ndizo mbaya zaidi hapa, maana dereva amesimama ardhini huku ameshika chuma. Mkono wa lori ukigusa waya na dereva yuko ndani, akae ndani, na mtu yeyote asiguse lori mpaka Kenya Power wathibitishe wamekata umeme. Moto ukimlazimisha kutoka, aruke miguu ikiwa pamoja, asishike lori na ardhi kwa wakati mmoja, kisha asogee kwa kuburuta nyayo bila kuzitenganisha.

4. Miguu ya lori

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Skipu ikiwa bado nyuma, uzito wake uko nje ya ekseli, na miguu miwili ya nyuma, ile ya chuma inayoshushwa mpaka ardhini, ndiyo inayoubeba. Mmoja ukizama sentimita 10, mikono inainama, skipu inabembea upande uleule, na lori linaifuata.

Fanya hesabu. Kikanyagio cha mguu cha sentimita 20 kwa 20 kina sentimita 400 za mraba. Mguu ukibeba tani 5, kila sentimita ya mraba inapata kilo 12.5. Weka ubao wa 60 kwa 60 chini yake, mzigo uleule unashuka hadi kilo 1.4 hivi. Ubao uwe wa mti mgumu, unene usipungue sentimita 5, vipande vipigwe boliti kwa matabaka mawili yanayopishana, na uwe na kamba ya kuubebea. Saiprasi hupasuka na plaiwudi huvunjika ukingoni. Mawe siyataki kabisa: huzunguka chini ya chuma na kuchomoka. Tairi kuukuu nayo inadunda.

Udongo wenyewe hudanganya. Ule mweusi wa upande wa Kano, kule Kisumu, ukikaushwa na jua huwa mgumu kama sakafu, lakini baada ya mvua ya usiku kuna ganda juu na uji chini. Sukuma nondo ya milimita 12 kwa mkono. Ikiingia zaidi ya sentimita 15, tafuta mahali pengine. Nakuru shida ni udongo mwepesi wa majivu ya volkano, ambao maji huuchimba kwa chini na kuacha uwazi. Ukiona ufa mpya au pakisikika patupu ukikanyaga kwa kisigino, usiweke mguu hapo. Nyuma ya hoteli tafuta shimo la maji taka kabla halijakutafuta. Kwenye ukingo wa mtaro, kaa mbali kwa umbali usiopungua kina chake, na mtaro wa mabomba uliofukiwa juzi uhesabu kuwa bado uko wazi.

Sasa vuta hendibreki, weka kabari, shusha miguu mpaka ibebe uzito, lakini usinyanyue matairi ya nyuma. Hendibreki inashika magurudumu hayo, na yakiwa hewani hakuna kinacholizuia lori. Chora alama ya chaki kwenye kila mguu, usawa wa ardhi, usubiri dakika mbili. Alama ikishuka, anza upya. Usijaribu kurekebisha mguu skipu ikiwa inaning'inia.

5. Minyororo

Tumia ya gredi 80 iliyogongwa alama ya 8 au 80 kwenye pingili. Pima kwa kalipa, kile kipimo cha unene, mahali pingili zinaposuguana: pingili ya milimita 13 ikifika 11.7, mnyororo mzima unatupwa. Hakuna kufunga fundo, hakuna kuunga kwa boliti. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka minyororo ikaguliwe na mtaalamu aliyeidhinishwa kila miezi 6, lakini kalipa itoke kila wiki. Pete iingie mpaka shinani mwa sikio la skipu, minne yote iwe sawa, na ikianza kukaza, mikono yako iwe mbali. Tumia fimbo yenye kulabu.

6. Inua

Sentimita 15, simama, angalia chaki. Skipu ikiwa imegandia matope, chimba pembeni hewa ipite chini yake, usiivute kwa nguvu. Hakuna mtu kati ya skipu na lori. Miguu haipandishwi mpaka skipu ikae kitandani mwa lori, na turubai lifungwe ukiwa umesimama chini.

7. Jaani

Pale Gioto, jaa la Nakuru, mteremko ni takataka juu ya takataka, kwa hivyo mbao zinatoka tena. Mwaga mbali na ukingo, tingatinga lisukume. Kulabu zote mbili za kumwagia ziwe zimeshika, na waokotaji wasogee kabla ya mikono ya lori kupanda.

Ukichomwa sindano, usikamue. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha nenda hospitali ndani ya saa 2 ukiweza, isizidi 72, upewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi za siku 28. Chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu kwa miezi 6, iwe imekamilika kabla, na msimamizi aandike tukio siku hiyohiyo, kwa maana fidia hudaiwa kwa maandishi.