Jani la mzeituni usilitwange bichi

Huku Andria, kusini mwa Italia, mizeituni hupogolewa kuanzia Februari hadi Aprili. Mimi mtu wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa sita wa kukusanya matawi nyuma ya wanaokata. Matawi hayo huchomwa pembeni mwa shamba pamoja na majani yake. Siku ya kwanza nilipoomba kiroba kimoja cha majani, mzee mwenye shamba alicheka, akanijazia viwili.

Nilivyofika nyumbani nikayafanya kama mwarobaini wa kwetu: kinu, mchi, kisha maji ya moto. Nusu saa haijaisha, rojo limekuwa la hudhurungi kama maji ya mtaro. Nikamwaga. Jani halikuwa na kosa, mwenye kosa ni mchi. Kinacholipa jani hili uchungu wake ni oleuropeini, na ndiyo tunayoitafuta. Humo humo ndani vimo vimeng'enya vya kuivunja, ila jani likiwa zima kila kimoja kinakaa chumba chake. Ukilitwanga bichi umebomoa kuta zote. Kwa hiyo kausha kwanza, ndipo usage.

Kabla ya kuchuma, uliza shamba lilipuliziwa mrututu lini. Huku wanaupulizia kuzuia ukungu unaotia majani madoa ya duara, wenyewe wanayaita jicho la tausi. Jani lenye vumbi la bluu silichukui hata kwa bure, maana kuosha hakulimalizi. Ukiweza kuchagua mti, chagua ule ambao mafuta yake yanawasha koo. Sisi tunao Coratina, unasifika kwa ukali.

Tumia tawi lililokatwa siku hiyo hiyo. Nyonyoa majani, yaoshe, yakung'ute, kisha yatie kwenye chujio juu ya sufuria ya maji yanayotokota, funika, uhesabu dakika moja. Mvuke unavilaza vile vimeng'enya. Yatandaze kwenye shuka kivulini, mahali penye upepo, wala usiyaanike juani. Mimi hunichukua siku nne hadi sita. Jani lililokauka sawasawa ukilikunja linakatika kwa mlio. Likipinda tu, bado. Kilo moja ya mabichi itakuachia kama nusu kilo. Yahifadhi mazima kwenye mtungi usiopigwa na mwanga, usage kwa blenda yale ya siku hiyo tu.

Njia nyepesi ya kuitoa oleuropeini kwenye jani ni maji. Gramu 20 za unga kwa mililita 400 za maji ya nyuzi 80 hivi. Kama huna kipimajoto, angalia sufuria: mvuke unapanda, vipovu vidogo vimeng'ang'ania chini, lakini maji hayajaanza kuruka. Funika dakika 20 kwenye moto mdogo kabisa, kisha chuja kwa kitambaa na ukamue. Rudishia makapi mililita 200 nyingine, kwani mkamuo wa pili nao una chake. Kwenye friji hukaa siku mbili au tatu; mimi hugandisha kwenye vile vitrei vya barafu, natoa kidonge kimoja kimoja.

Ukitaka kitu cha kukaa zaidi, wenyeji hutumia spiriti ya nafaka ya asilimia 96, ile ya kutengenezea limoncello, pombe yao ya malimau. Gramu 100 za unga. Mililita 365 za spiriti, ongeza maji mpaka zifike 500. Wiki tatu gizani, unatikisa kila siku. Kwangu spiriti haiingii jikoni, kwa hiyo natumia gliserini ya mimea, ile ya kula, si ya kupaka miguu. Gramu 50 za unga, mililita 180 za gliserini na 70 za maji ya moto. Chupa naisimamisha ndani ya sufuria ya maji ya moto yasiyochemka kwa saa mbili, nachuja mara mbili kwa kipande cha kanga kuukuu, kisha naiweka kwenye chupa nyeusi ndani ya friji. Kuchuja ndiko kunakochosha. Gliserini inashuka kama asali ya baridi. Inayobadilika harufu naimwaga bila kuionja.

Sasa kuhusu kutibu. Shirika la Dawa la Ulaya linaikubali chai ya jani hili kama dawa ya jadi ya kusaidia mkojo, pale mwili unapojaa maji kidogo na ugonjwa mkubwa umeshapimwa haupo. Mwaka 1854 mfamasia Mwingereza Daniel Hanbury aliandika kuhusu jani hili na homa. Sisi tuliokulia kwenye mbu tusidanganyike na hilo: homa ukapime malaria. Mjamzito aache. Anayetumia dawa ya presha au ya sukari amuulize daktari kwanza, kwa kuwa jani nalo linaweza kuteremsha vyote viwili.

Mama yangu yuko kwenye vidonge vya presha. Aliposikia habari hizi akataka nimtumie chupa. Nikamwambia aende kwanza kliniki akaulize. Akanuna: "Mwanangu, majani tu hayo!" Chupa yake nimeiandika jina, iko kwenye friji yangu. Kliniki hajaenda.